John Akii-Bua: mkimbiaji aliyebebeshwa kabila lake

Kamina yetu iko kwenye njia panda ya reli. Treni ya Lubumbashi, ya Kasai na ya Kalemie, zote zinapita hapa, na watu wa kila kabila wameshuka kwenye gari yetu na mizigo yao. Juu ya ile, kila mgeni anaulizwa kwanza: wewe ni mutu wa wapi? Mara hii tunawaletea maisha ya mtu wa Uganda ambaye ile maulizo ilimfuata tangu ujana mpaka kaburini. Alikuwa mkimbiaji, kisha mkimbizi, kisha akarudi kwao sawa sisi.

John Akii-Bua alizaliwa mwezi wa 12 mwaka 1949, kaskazini mwa Uganda, katika kabila la Walango. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Katika lupango kama lile mtoto hajui kujivuna: anajifunza kungoja zamu yake ya chakula na kupiga mbio. Alipokuwa kijana aliingia polisi, na huko ndiko walikoona kuwa miguu yake ilikuwa ya namna ingine.

Alianza na mbio fupi za kuruka viunzi, zile mbio ambamo mtu anakimbia na kuruka vizuizi vilivyopangwa njiani. Mwaka 1968 hakufaulu kuchaguliwa kwenda Olimpiki ya Mexico. Mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, akamwambia abadilishe: ajaribu mita 400 za viunzi. Ni mbio ngumu sana. Unazunguka kiwanja kizima kwa nguvu zako zote, unaruka viunzi kumi, kila kimoja karibu mita moja kwenda juu, na hatua kati ya kiunzi na kiunzi lazima uzihesabu. Ukikosea moja, umekwisha. Wakati ule watu wengi wa michezo waliamini kwamba Mwafrika anaweza kukimbia mbali na kuvumilia, lakini mbio za akili na hesabu ni za Wamarekani na Wazungu wenye viwanja vizuri. Akii-Bua hakubishana nao. Alivaa koti lenye vyuma vizito, akaruka viunzi nalo, siku kwa siku. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alitoka wa nne. Hakupata medali.

Kisha mambo ya inchi yakaharibika. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mulango. Kuanzia pale, kuwa Mulango ilikuwa kosa. Askari Walango na Waacholi waliuawa kwa mamia ndani ya kambi zao, na raia nao hawakupona. Hakuna aliyewauliza wamefanya nini. Jina la kabila lilitosha.

Ni katika hali ile kijana huyu wa Kilango alikwenda Munich, Ujerumani, mwaka 1972, akivaa rangi za inchi iliyokuwa ikiwaua watu wake. Fainali ilikuwa tarehe 2 mwezi wa 9. Walimpa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambako kona ni kali na mkimbiaji mrefu anateseka. Kati ya washindani wake alikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Wachache walimtazama Mganda. Walipotoka kona ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alifika kwa sekunde 47.82: zahabu, rekodi mpya, na mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio zile chini ya sekunde 48. Mann akawa wa pili, Hemery wa tatu. Mwenyewe hakusimama. Aliendelea kuzunguka kiwanja, akiruka viunzi na kuwapungia watu mkono kama mtoto aliyetoka masomoni. Uganda haikuwa imepata zahabu ya Olimpiki hata siku moja.

Sasa angalieni lile lililofuata. Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Si kwa upendo tu. Wakati dunia ilipomshitaki kuwa anawaangamiza Walango, alikuwa na jibu tayari: Akii-Bua ni Mulango, na anaishi vizuri. Medali ya mtu mmoja ikafunika makaburi ya wengi. Mkimbiaji hakuombwa ruhusa, na kukataa kulikuwa kujitafutia kifo. Mwaka 1973 alishinda tena kule Lagos, katika michezo ya Afrika nzima. Mwaka 1976 Uganda, pamoja na inchi nyingi za Afrika, iligoma kwenda kushindana Montreal juu ya mambo ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Akii-Bua hakukimbia, na mwaka ule Edwin Moses wa Marekani akachukua rekodi yake.

Mwezi wa nne 1979, jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, Amin akakimbia. Mulango angepaswa kufurahi. Lakini kwa Akii-Bua hatari iligeuka tu upande. Jana alikuwa mtu wa Obote juu ya kabila lake, leo ataitwa mtu wa Amin juu ya cheo na nyumba. Akachukua jamaa yake, wakavuka mpaka kuingia Kenya. Kule bingwa wa Olimpiki aliwekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu Puma, ambayo viatu vyake alikuwa anavaa, ndiyo iliyomtoa, akaenda kufanya kazi kwao Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda kule Moscow, akiwa na miaka 30. Hakupata medali.

Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi. Uganda aliyoikuta katika miaka ile ya 1980 ilikuwa bado na vita na njaa. Akarudia kazi ya polisi, akafundisha vijana kukimbia. Mke wake alimtangulia kufa. Yeye alifariki Kampala tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1997, na miaka 47 tu, akiacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima ya taifa. Zahabu nyingine ya Olimpiki Uganda iliingoja mpaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni kule London. Ilikuwa miaka 40.

Ndugu, haya si mambo ya Uganda peke yake. Kati yetu wako waliotoka kambi za Zambia, na mtaani wanaitwa wageni. Wako waliobaki vijijini wakati wa vita, nao wanaitwa watu wa Mai-Mai. Wako wenye jina la Kasai ambao wazazi wao walizaliwa hapa hapa. Aliyekimbia ana kosa, aliyebaki ana kosa. Akii-Bua alishitakiwa kwa yote mawili katika maisha mamoja, na kazi yake ilikuwa kuruka viunzi.

Kwa hiyo, memba mpya akija kwenye mukutano wetu, tumuulize anajua kazi gani, ana watoto wangapi, na anahitaji nini ili aanze shamba au biashara. Ile ya kabila, wengine wamekwisha kumuuliza njiani. Na makuta ya mfuko wetu, yale ya memba na yale ya wafazili, yaendelee kutoka bila kuangalia jina.