Walter Chrysler: Fundi wa Reli Aliyekubali Kushuka

Mji wetu wa Dodoma ulikua pembeni mwa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na ilipofika Kigoma mwaka 1914, stesheni ya hapa ilikuwa tayari imevuta watu na maduka katikati ya nchi kavu ya Wagogo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inafika. Kwa hiyo tukisikia habari za mtoto aliyelelewa na honi ya treni, kwenye uwanda wa vumbi na mvua haba, tunamwelewa upesi hata kama alizaliwa mbali.

Mtoto huyo ni Walter Percy Chrysler, Mmarekani ambaye jina lake limebaki kwenye magari hadi leo. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Tunamleta kama mfanyakazi ambaye mara tatu katika maisha yake alikubali kushuka malipo ili aifuate kazi aliyoipenda, na ambaye alipopewa kampuni inayoanguka alianza mahali ambapo wengi hatupendi kuanzia.

Mfagizi wa karakana

Chrysler alizaliwa tarehe 2 Aprili 1875 huko Wamego, katika jimbo la Kansas. Alikulia Ellis, mji mdogo wa reli kwenye nyanda za magharibi za jimbo hilo, ambako baba yake alikuwa dereva wa treni wa kampuni ya Union Pacific. Baba alitaka kijana aendelee na masomo ya juu. Kijana alitaka karakana. Akaanza kama mfagizi, akilipwa senti 10 kwa saa.

Alipopata nafasi ya kuwa mwanagenzi wa ufundi, malipo yalishuka hadi senti 5. Alikubali. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Vifaa vya kazi alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na sanduku lake la vifaa alilitunza mpaka uzeeni.

Kutoka hapo alihama karakana moja hadi nyingine katika majimbo ya magharibi, akipanda ngazi polepole. Mwaka 1901 alimwoa Della Forker wa Ellis. Mwaka 1908, akiwa msimamizi wa mitambo ya reli huko Oelwein, Iowa, alikwenda kwenye maonesho ya magari Chicago akaliona gari aina ya Locomobile, jeupe, la dola 5,000. Yeye alikuwa na akiba ya dola 700. Zilizobaki alikopa benki. Gari lilipofika nyumbani hakulipanda. Alilifungua kipande kwa kipande, akalichora, akalifunga tena, akarudia hivyo kwa miezi. Siku alipoliwasha hatimaye, akaliingiza kwenye bustani ya jirani. Tunaweza kumcheka, lakini kabla ya kutaka kwenda mbali na gari lile, alitaka kwanza kulijua.

Kiti cha Buick

Baada ya hapo alisimamia kiwanda cha vichwa vya treni mjini Pittsburgh, kwa mshahara wa dola 12,000 kwa mwaka. Kisha akaitwa Flint, Michigan, kusimamia kiwanda cha magari ya Buick, mali ya kampuni kubwa ya General Motors. Flint walikuwa tayari kumpa dola 6,000. Alikubali nusu hiyo, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwenye magari. Hiyo ndiyo mara ya pili.

Pale Buick alikuta magari yakitengenezwa kama samani za thamani, kila moja likibembelezwa na mafundi wa mbao. Alipanga upya kazi, na uzalishaji ukapanda kutoka magari 45 kwa siku hadi 200. Mwaka 1916 William Durant, mwanzilishi wa General Motors, alirudi kuitawala kampuni, akamfanya Chrysler rais wa Buick kwa mshahara wa dola 500,000 kwa mwaka. Buick ndiyo ilikuwa nguzo ya faida ya General Motors yote.

Lakini Durant alipenda kununua na kupanua bila kuchoka, na maamuzi yaliyoihusu Buick yalitolewa bila msimamizi wake kuulizwa. Chrysler alilalamika waziwazi, mara nyingi na kwa sauti kubwa, maana alikuwa mtu wa hasira za haraka. Alipoona hasikilizwi, aliachia ngazi. Mapema mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 44, alikuwa nje. Kabla ya mwaka huo kwisha, madeni yalimtoa Durant mwenyewe.

Ekseli za Maxwell

Mabenki hayakumwacha apumzike. Kwanza yalimwomba aokoe kampuni ya Willys-Overland, kwa dola 1,000,000 kwa mwaka. Kisha yakamwonesha kampuni nyingine iliyokuwa na hali mbaya zaidi, Maxwell. Ilikuwa na deni zito, na maelfu ya magari yake yalikuwa hayajauzwa. Sifa yake ilikuwa imeharibika, kwa kuwa ekseli ya nyuma ya gari la Maxwell ilikuwa dhaifu na wanunuzi walishajua. Chrysler aliichukua kazi hiyo kwa mshahara mdogo kuliko ule wa Willys, pamoja na haki ya kununua hisa. Hiyo ndiyo mara ya tatu. Tuseme kweli: hakuwa maskini, na hisa zile zilikuja kumtajirisha. Lakini wakati ule zilikuwa hisa za kampuni iliyokuwa ikizama, ambayo ingeweza kuzama naye.

Tutazame alivyoanza. Tayari alikuwa na ndoto ya gari jipya, na wahandisi watatu hodari wa kulibuni, Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer. Angeweza kuyatelekeza yale magari mabovu kama mzigo wa waliomtangulia. Badala yake aliagiza ekseli ziimarishwe, kisha magari yakauzwa kwa faida ndogo mno, yakitangazwa kama Maxwell njema. Hakupata utajiri hapo. Alipata tena imani ya wanunuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunaongeza kwamba wakati mwingine unaziba ufa ambao hukuufanya wewe.

Januari 1924 ndipo gari jipya lilipooneshwa New York, likiwa na injini ya silinda 6 na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, jambo lililokuwa nadra kwa bei yake. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa magari yapatayo 32,000. Tarehe 6 Juni 1925 Maxwell ikageuka kuwa Chrysler Corporation. Mwaka 1928 ikainunua Dodge na kuanzisha Plymouth.

Upande wa pili wa meza

Mafanikio yalikuja na vishawishi vyake. Kwa fedha zake binafsi alijenga New York jengo la mita 319, lililokamilika mwaka 1930. Lilikuwa refu kuliko yote duniani, lakini lilipitwa mwaka uliofuata. Ndani yake, juu kabisa, aliweka lile sanduku la vifaa la ujanani.

Mwaka 1937 wafanyakazi walivikalia viwanda vyake mjini Detroit, wakidai chama chao kitambuliwe. Papa Leo XIII alikuwa ameitetea haki ya wafanyakazi kuungana tangu mwaka 1891, Chrysler akiwa kijana wa miaka 16. Sasa mfagizi wa zamani aliketi upande wa wenye mali. Mazungumzo yalikuwa magumu, lakini yalimalizika kwa makubaliano. Mwaka uliofuata alipata kiharusi, na Agosti akamzika Della. Yeye alifariki tarehe 18 Agosti 1940.

Kwetu sisi

Ndugu mafrateri, siku moja wengi wenu mtatumwa kwenye parokia ambayo si ile mliyoiota. Mtakuta deni la mabati, mashine ya kusaga isiyosaga, na waamini waliochoka kuchangia kwa sababu michango ya jana hawakuona ilikokwenda. Nanyi wazee wa kamati za vigango mnaijua hali hiyo. Kishawishi ni kutangaza mradi mpya Jumapili ya kwanza, na kuwaachia waliotangulia lawama zao.

Tuanze na ekseli. Tuwasomee waamini deni lilivyo, tutengeneze kilichovunjika, turudishe kilichoahidiwa. Hakuna atakayetupigia vigelegele kwa kazi hiyo, lakini bila hiyo gari jipya halitapata wa kulipanda.