Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Watu mashuhuri tunaosimuliwa madarasani aghalabu ni wafalme, wapiganaji na wasafiri. Mimi nimechagua kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu habari za mganga mmoja mwenye jicho moja, aliyeyatambua maradhi yaliyokuwa yakiua watoto wa Afrika ya Mashariki katika muda wa miezi michache tu. Na visiwa vyetu vya Unguja na Pemba navyo vimo katika habari zake.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, karibu na mji wa Enniskillen. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akauacha akasomea uganga. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mpasuaji jeshini, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, mwenzake Daktari Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, maana si jipu wala si jino bovu linalofanya hivyo. Wiki chache baadaye, katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uso kama ule ule. Alipompapasa tumbo akakuta na huko mna uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kufikiri. Alirudi Mulago akapekua madaftari ya wagonjwa, akagundua kuwa waganga walikuwa wakiandika maradhi mbalimbali, huyu ya taya, huyu ya figo, huyu ya ini, kumbe yote yalikuwa maradhi mamoja. Ilikuwa saratani, nayo twaiita hata leo kwa jina lake. Aliitangaza kwa waganga wa ulimwengu mwaka 1958.

Saratani hiyo ina haraka kupita zote. Uvimbe wake huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Basi mganga akikosea kwa wiki moja tu, mtoto amekwisha kupotea.

Burkitt alituma barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, yeye na waganga wawili wenzake walipanda gari kuukuu wakasafiri kusini kwa wiki 10, mwendo wa maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Aliporudi alichora ramani. Ikaonekana kuwa maradhi hayapatikani penye baridi wala penye ukame, bali penye joto na mvua, yaani pale pale penye mbu na malaria. Vipande vya uvimbe alivyovipeleka London kwa ndege vilimwezesha Daktari Anthony Epstein na wenzake kugundua kirusi mwaka 1964. Leo twajua kwamba kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara hushirikiana kuleta saratani hii.

Sasa tuje kwetu. Katika miaka hiyo nyumba za Unguja na Pemba zilikuwa zikipuliziwa dawa ya mbu, na malaria ilikuwa imepungua sana. Ikaonekana kuwa saratani ile ilikuwa adimu visiwani, hali ng'ambo ya pili, Tanganyika, ilikuwapo. Jambo hili liliwapa nguvu waliosema kuwa malaria ina mkono wake. Kazi ya kupulizia ilisimama mwaka 1968, na malaria ikarudi kwa wingi. Katika karne hii imepunguzwa tena, lakini hadithi ya mwaka 1968 yatufunza tusilale.

Kisu cha Burkitt hakikuweza kuuondoa uvimbe ule, kwa hiyo alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Alirudi Uingereza mwaka 1966, akafariki mwaka 1993.

Wazazi wetu, dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto akivimba taya au tumbo kwa haraka, au meno yake yakilegea bila ya kuoza, asifichwe nyumbani wala asing'olewe jino tu. Apelekwe hospitali siku ile ile. Na ninyi wanafunzi wenzangu mnaotaka uganga, kumbukeni kwamba Burkitt hakuwa na mitambo mikubwa. Alikuwa na jicho moja, akalitumia vizuri, na alipoona jambo asilolijua hakuona haya kuuliza.