Nicholas Ferrar na Sala za Zamu

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba sala za kila siku ni kazi ya mapadre na watawa, maana sisi wengine tuna watoto, mashamba na ajira. Maisha ya Nicholas Ferrar yanatupa jibu.

Ferrar alizaliwa London mwaka 1592, mwana wa mfanyabiashara tajiri. Alisoma Cambridge, akasafiri Ulaya, kisha akawa mmoja wa wasimamizi wa Kampuni ya Virginia. Mwaka 1624 aliingia Bungeni, na mwaka huo huo kampuni ikanyang'anywa hati yake. Angeweza kutafuta ukubwa mwingine, lakini aliiacha njia hiyo.

Mama yake, Mary, alikuwa amenunua shamba mahali paitwapo Little Gidding. Mwaka 1625, tauni ilipoingia London, jamaa ilihamia huko. Kanisa dogo la pale lilikuwa limegeuzwa ghala ya majani makavu. Mama yule, mzee wa miaka zaidi ya 70, hakukubali kupumzika mpaka lilipoanza kusafishwa. Mwaka 1626 Ferrar akapewa ushemasi na Askofu William Laud, wala hakutaka upadre.

Nyumbani walikuwamo kaka yake John, dada yake Susanna Collett na mumewe, na watoto wengi, jumla watu wapatao 30. Haikuwa nyumba ya watawa. Basi waliwezaje kusali?

Waligawana. Mara tatu kwa siku wote walikwenda kanisani. Tena kila saa watu wachache, kwa zamu, walikusanyika kama robo saa wakasema Zaburi kadhaa na fungu la Injili, kisha wakarudi kazini: masomo, jiko, kujalidi vitabu, kuwapa wagonjwa dawa. Hivyo Zaburi zote 150 zilimalizika kila siku bila mtu kuelemewa. Walioweza walikesha tangu saa tatu usiku hadi saa saba, wakizisema tena. Watoto wa jirani nao walikuja Jumapili, wakapewa peni moja kwa kila Zaburi waliyoijua kwa moyo, pamoja na chakula.

Ferrar alifariki tarehe 4 Desemba 1637. Mwaka 1641 kijitabu kimoja kiliwadhihaki wale jamaa kwamba wameanzisha nyumba ya watawa wa kike. Juu ya hayo, na vita vilivyofuata, waliendelea mpaka John na Susanna walipofariki, wote wawili mwaka 1657. Ndiyo miaka 20 baada ya kiongozi wao kuzikwa. Sala ile haikuwa mali ya mtu mmoja, kwa hiyo haikufa naye.

Basi, msomaji, usingoje kuwa na saa nzima. Tafuta majirani watatu au wanne, mgawane Zaburi za juma hili, kila mmoja na siku yake. Siku utakayougua, mwenzako atasali.