Dian Fossey na watoto wawili wa gorila aliowaponya kisha akawapoteza

Mwanzoni mwa mwaka 1969, mtoto wa gorila alikuwa amefungiwa ndani ya kizimba kidogo mjini Ruhengeri, nchini Rwanda. Alikuwa amekonda, mgonjwa, na waya aliofungwa nao ulikuwa umemwachia vidonda. Alikuwa anangoja kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani. Gorila wakubwa hawakubali mtoto wao achukuliwe wakiwa hai. Kwa hesabu aliyoitoa Dian Fossey, watu wa jamaa ya mtoto huyo, kama tukiruhusiwa kuwaita watu, kumi hivi waliuawa ili yeye apatikane.

Fossey alishuka kutoka kambi yake mlimani, akamchukua. Alimpa jina Coco. Siku chache baadaye akaletewa wa pili, Pucker, naye akiwa katika hali mbaya.

Hapa Butembo jina la Fossey husikika hasa watu wanapozungumzia kituo cha GRACE kilichoko Kasugho, wilayani Lubero, ambako watoto wa gorila walionyang'anywa wawindaji haramu hulelewa. Wengi humhesabu kuwa mtu wa Rwanda. Ukweli ni kwamba alianzia upande wetu, katika Kivu Kaskazini, na huku ndiko alikofukuziwa.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Alitaka kuwa daktari wa wanyama lakini masomo ya sayansi yakamshinda, akageukia kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu warudishe nguvu za mwili. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi hiyo na watoto walemavu mjini Louisville, Kentucky. Waandishi wengi hupita haraka hapo. Mimi naona ndipo alipojifunza jambo lililomsaidia baadaye: mtoto aliyeumia hatulizwi kwa amri wala kwa haraka.

Mwaka 1963 alikopa pesa akaja Afrika kwa mara ya kwanza. Alikutana na mtafiti Louis Leakey huko Olduvai, Tanganyika, kisha akapanda hadi Kabara, chini ya mlima Mikeno, huku Kongo, ambako aliwaona gorila wa milimani kwa macho yake. Miaka mitatu baadaye Leakey alimpa kazi ya kuwachunguza. Mwezi wa Januari 1967 Fossey akapiga hema Kabara. Hakujua kufuata nyayo. Aliyemwonyesha njia ni Mkongomani Sanwekwe, mfuata nyayo hodari wa mbuga, na bila yeye huenda mgeni huyo asingedumu.

Alikaa Kabara miezi sita tu. Mwezi wa Julai 1967, wakati mamluki walipoasi dhidi ya serikali ya Mobutu, askari walimteremsha mlimani wakamweka Rumangabo, wilayani Rutshuru. Baada ya wiki mbili hivi aliwashawishi walinzi wamsindikize hadi Kisoro, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, akidai kuna pesa zake huko na karatasi za gari lake za kutengeneza. Walipofika, alikimbilia hotelini kwa mtu aliyemfahamu, na askari wa Uganda wakawakamata walinzi wake. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alifungua kambi mpya upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke. Kutokana na majina hayo mawili akaiita Karisoke.

Ni huko Karisoke alikomleta Coco. Chumba kimoja cha nyumba yake ya mabati kiligeuzwa kuwa msitu: wafanyakazi walileta matawi na majani mabichi, yale yale ambayo gorila hula mlimani. Mtoto alipotolewa sandukuni alipanda dirishani, akatazama mlima, akalia. Fossey aliandika kwamba alimwona akitoka machozi, jambo ambalo hakuliona tena kwa gorila mwingine yeyote.

Mtoto wa namna hiyo hali chakula cha mkono usioujua. Fossey alimchanganyia dawa ndani ya maziwa, akamsubiri. Usiku alimweka karibu ili asilale peke yake, kwa kuwa mtoto wa gorila hulala akimgusa mama. Aliiga sauti ambazo gorila hutoa wakiwa wametulia wakila. Pucker alipokuja, alikuwa mwenye hasira na asiyetaka kuguswa, lakini hawa wawili walishikana wao kwa wao kabla hawajamwamini mwanamke huyo. Waliporudisha nguvu akaanza kuwatoa nje, kwanza karibu na nyumba, kisha ndani ya msitu. Hapo mwalimu alikuwa yeye au wao? Aliwatazama wakichagua majani, akajifunza mambo ambayo kwa gorila wa porini alikuwa akiyaona kwa mbali tu.

Matumaini yake yalikuwa kuwarudisha msituni. Mkuu wa mbuga alikuwa na mkataba wa Köln, na alimwambia Fossey kwamba asipowatoa, wengine watakamatwa mahali pao. Maana yake jamaa nyingine ingeuawa. Fossey akawatoa. Mwezi wa Mei 1969 Coco na Pucker walipandishwa ndege kwenda Ujerumani, nao walifia huko Köln mwaka 1978, mmoja baada ya mwingine kwa muda mfupi.

Tangu hapo vita vyake na wawindaji haramu vikawa vikali. Mbwa wake Cindy aliwahi kuibwa na kurudishwa. Mwisho wa mwaka 1977 wawindaji walimuua Digit, gorila dume aliyempenda kuliko wote, wakamkata kichwa na mikono. Fossey alianzisha mfuko wa fedha kwa jina lake, ambao leo ndio shirika la Dian Fossey Gorilla Fund. Tusimtakase lakini. Aliwakamata watu, akawachapa, akawatisha kwa vinyago, akashika ng'ombe wa wafugaji. Upole aliokuwa nao kwa mtoto wa gorila hakuwa nao kwa jirani maskini aliyetega kamba ya swala. Mkaaji wa Mutwanga, huko Beni, anayelima ukingoni mwa Virunga, ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni apende mnyama kuliko mwenye shamba.

Alipata nafasi ya pili ya kurudisha mtoto msituni. Tarehe 1 Januari 1980 aliletewa mtoto aliyeokolewa kwa wawindaji, akaitwa Bonne Année. Kundi la kwanza la gorila walilompeleka lilimshambulia. Kundi la pili likampokea, akaishi nalo mwaka mmoja hivi, kisha ugonjwa wa mapafu ukamuua.

Fossey mwenyewe aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake mwishoni mwa Desemba 1985, akiwa na miaka 53. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti mmoja Mmarekani ambaye alikuwa amekwisha kuondoka nchini. Yeye alikana, na hadi leo watu wanabishana. Alizikwa Karisoke, kando ya Digit.

Mwaka 2010, shirika lenye jina lake likishiriki, gorila yatima walipelekwa kwa helikopta ya Umoja wa Mataifa hadi Kasugho. Hao ni gorila wa tambarare za mashariki, ndugu wa wale wa Karisimbi. Mtoto mpya anapofika GRACE, mlezi hukaa naye usiku na mchana kama Fossey alivyofanya, ila kwa muda tu. Baadaye hukabidhiwa kwa gorila jike mkubwa atakayemlea, naye binadamu hurudi nyuma.

Mwezi wa Oktoba 2023, majike wanne waliolelewa hapo, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walihamishwa hadi mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, ambako gorila wa porini walikuwa wamebaki chini ya kumi. Walikaa ndani ya uzio mwaka mzima wakizoea baridi na majani ya mlima huo. Gorila wa porini walikuja kuwatazama kwa nje. Mwezi wa Oktoba 2024 uzio ulifunguliwa, wote wanne wakatoka.