Samuel Wanjiru: Bingwa wa Beijing aliyezimika akiwa na miaka 24

Mlima Kenya una pande nyingi. Upande wa mashariki ziko Embu, Chuka na Meru, ambako barabara hupanda na kushuka mabonde hadi daraja la Nithi, mahali ambapo wasafiri wengi wamepoteza maisha. Ukipita Meru, ukauzunguka mlima kwa njia ya Timau na Nanyuki, kisha ukaelekea magharibi, hatimaye unaingia Nyahururu, mji wa baridi na wa maporomoko ya Thomson, ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko alikozaliwa Samuel Kamau Wanjiru mnamo Novemba 10, 1986. Sisi wa Embu na Meru hatukumzaa, lakini alipotwaa dhahabu ya Olimpiki tulimhesabu kuwa wetu kwa haki ya mlima, na alipoaga dunia Mei 2011 msiba ulitufikia kama msiba wa jirani.

Namrejelea marehemu kwa sababu kila msimu wapo vijana wa kwetu wanaoanza kulipwa kwa nguvu za miguu yao, na jambo la kwanza wengi wao wanalonunua ni gari. Jambo la pili, mara nyingi, ni pombe ya kuwanywesha marafiki.

Wanjiru alilelewa na mama yake, ambaye jina lake ndilo alilolibeba hadi kwenye ubao wa matokeo wa Beijing. Nyumba yao ilikuwa ya watu maskini wa vibarua, na mtoto huyo alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka minane hivi. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15 tu, alivuka bahari kwenda Japani kusoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei, mojawapo ya shule zinazotafuta watimkaji kutoka Kenya kwa ajili ya mbio za kupokezana za barabarani ziitwazo ekideni. Hakujua lugha wala chakula cha huko. Alivijua vyote viwili. Neno la Kijapani alilolipenda kulitaja baadaye ni gaman, yaani uvumilivu wa mtu anayebana meno na kuendelea.

Alipohitimu mwaka 2005 alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, akawa chini ya mkufunzi Koichi Morishita, aliyekuwa ameshinda nishani ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Hapo ndipo dunia ilipoanza kushtuka. Agosti 26, 2005 jijini Brussels alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya chipukizi. Wiki mbili baadaye, mjini Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni iliyokuwa ya Paul Tergat, akitumia dakika 59 na sekunde 16. Alikuwa na miaka 18. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimpokonya rekodi hiyo Januari 2006, naye Wanjiru akairejesha Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, kisha akaiteremsha hadi dakika 58 na sekunde 33 jijini The Hague mwezi uliofuata. Desemba mwaka huo alijaribu marathoni kamili kwa mara ya kwanza, Fukuoka, akashinda.

Kisha ikaja Beijing. Ikumbukwe kwamba mwaka 2008 Kenya ilikuwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wanariadha nao hawakusalimika. Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathoni, alipigwa jiwe kichwani mjini Eldoret, na Wesley Ngetich akauawa kwa mshale. Pia hakuna mwanamume Mkenya aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Douglas Wakiihuri alipata fedha mwaka 1988, naye Eric Wainaina shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000. Wote wawili, kama Wanjiru, walikuwa wamenolewa Japani.

Asubuhi ya Agosti 24, 2008 jua la Beijing lilikuwa kali na wajuzi wa mchezo huo walitarajia mbio za kuviziana, kama ilivyo desturi panapokuwa na joto. Wanjiru hakuvizia. Kilomita tano za mwanzo zilimalizika kwa chini ya dakika 15, mwendo ambao katika hali ya hewa ile ulionekana kuwa wazimu. Mmoja baada ya mwingine, wakimbiaji wakabanduka. Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili, ndiye aliyeng'ang'ania hadi karibu kilomita tano za mwisho, kisha naye akaachwa. Wanjiru aliingia katika uwanja ule mkubwa peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya awali ya Olimpiki, ya Carlos Lopes wa Ureno tangu 1984, ilipitwa kwa karibu dakika tatu. Gharib alifika sekunde 44 baadaye. Aliyeshinda alikuwa na miaka 21. Kwa maoni yangu, hakuna mbio alizokimbia Mkenya yeyote kabla ya hapo zilizobadilisha fikra za watu kuhusu marathoni kwa kiasi kile. Tangu siku hiyo, kisingizio cha joto kilikosa nguvu.

Aliyofanya baadaye yanajulikana. Alishinda London Aprili 2009 na Chicago Oktoba mwaka huo, kote akiweka rekodi ya mbio hizo. Tuzo ya Marathoni Kuu za Dunia, ya dola 500,000, aliichukua mara mbili mfululizo. Kwa thamani ya shilingi ya siku zile, kila tuzo ilikaribia shilingi milioni 40, mbali na malipo ya kushiriki na ya kuvunja rekodi. Kijana aliyekulia katika nyumba ya vibarua akawa mmoja wa matajiri wa Nyahururu kabla hajatimiza miaka 23.

Alikuwa ameacha kazi Japani mwaka wa Olimpiki na kurudi nyumbani. Huko Japani ratiba ilikuwa ya kampuni, chakula cha kampuni, na mkufunzi alijua saa ya kulala ya kila mkimbiaji. Nyahururu haikuwa na kengele. Ilikuwa na marafiki. Baada ya kifo chake, wakala wake na mkufunzi wake hawakuficha kwamba pombe ilikuwa imemlemea, na kwamba alipokuwa kambini Eldoret hali ilitulia, lakini aliporudi kwao ilirejea. Mjini alijulikana kwa ukarimu wa kuwanunulia vinywaji watu asiowajua. Ukarimu wa namna hiyo una watetezi wengi. Kila aliyekunywa kwa pesa za bingwa alikuwa na sababu ya kutomshauri aende nyumbani mapema.

Hapa inafaa kukumbuka desturi ya wazee wetu. Kwa Wameru, Waembu na Wakikuyu, muratina ilikuwa ya wazee. Shujaa wa rika la kulinda kijiji hakuketi kwenye kibuyu. Kazi yake ilihitaji miguu na macho, na aliyekamatwa akinywa aliaibishwa mbele ya wenzake. Mtu alipewa ruhusa ya pombe baada ya kuoa, kuzaa na kupanda vyeo vya baraza, wakati ambapo hakuna tena aliyemtegemea kukimbia. Sitaki kudai kwamba wazee wa zamani hawakuwa walevi, walikuwepo. Lakini walijua kutenganisha kibuyu na miguu. Wanjiru alipata vyote kwa wakati mmoja, na juu yake akapewa usukani.

Mwishoni mwa mwaka 2010 mambo yalianza kuvuja hadharani. Oktoba alikuwa ameshinda Chicago tena, licha ya kufika huko akiwa ametoka kuugua tumbo, akipokezana uongozi na Tsegaye Kebede wa Ethiopia hadi mita 400 za mwisho katika mbio ambazo wengi huzitaja kuwa bora kuliko zote alizowahi kukimbia. Miezi miwili baadaye alikuwa kizimbani Nyahururu, akishtakiwa kutishia kumuua mkewe na kumiliki bunduki aina ya AK-47 bila kibali. Alikanusha. Shtaka la kwanza liliondolewa Februari 2011 baada ya kupatana na mkewe. La bunduki lilikuwa bado mahakamani alipofariki.

Katikati ya misukosuko hiyo, Januari 2011, gari lake aina ya Land Cruiser lilibingirika barabarani. Alisema alikuwa akikwepa lori. Alitoka na majeraha madogo. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, nami siwezi kumhukumu kaburini kwa ajali hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyejulikana na mji mzima kuwa amelemewa na pombe alitoka katika gari lililopinduka, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa kuhusu iwapo angekuwa tayari kwa London mwezi wa Aprili. Hakwenda London, jeraha la goti lilimzuia.

Kuna jambo ambalo wanariadha wengi hawaambiwi. Wanjiru alikuwa na kimo cha mita 1.63 hivi na uzito wa kilo hamsini na kidogo. Mwili mwepisi kama huo una maji machache ya kuizimua pombe, hivyo chupa ileile inayomchangamsha jirani mwenye kilo 90 humfikisha mkimbiaji karibu maradufu ya kiwango cha pombe katika damu. Mapafu yaliyozoea nyanda za juu hayasaidii. Ini husafisha pombe kwa kasi yake lenyewe, na chupa moja ya nusu lita ya bia ya kawaida huchukua takriban saa mbili kuisha, uwe bingwa wa Olimpiki au mchuuzi wa miraa wa Maua. Anayekunywa chupa sita hadi saa sita usiku, kisha akaamka alfajiri kuendesha gari kwenda mazoezini, bado anaendesha na pombe mwilini hata kama anajihisi mzima.

Si Kenya pekee iliyozika kijana wa namna hii. Steve Prefontaine, Mmarekani aliyemaliza wa nne katika mita 5,000 za Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alishikilia rekodi zote za nchi yake kuanzia mita 2,000 hadi 10,000. Usiku wa kuamkia Mei 30, 1975 mjini Eugene, Oregon, alitoka katika sherehe baada ya mashindano, akawapeleka wenzake, kisha gari lake dogo likagonga mwamba na kumlalia. Kipimo cha polisi kilionyesha asilimia 0.16 ya pombe katika damu, wakati sheria ya jimbo hilo iliruhusu 0.10. Wapo waliokipinga kipimo hicho, na mjadala wao haujaisha. Alikuwa na miaka 24.

Wanjiru naye alikuwa na miaka 24 usiku wa Mei 15, 2011, alipoanguka kutoka roshani ya nyumba yake katika mtaa wa Muthaiga, Nyahururu, baada ya jioni ya vinywaji mjini kwa mujibu wa taarifa za wakati ule. Kulikuwa na ugomvi wa nyumbani. Polisi walisema hili, mama yake akaamini jingine kabisa, na mabishano hayo yalifika mahakamani, yakachelewesha hata mazishi. Aliwaacha watoto wadogo.

Sheria ilikuwa ikijaribu kufuata nyuma. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliibatiza jina la Mututho, ilikuwa imeshapunguza saa za baa kufunguliwa. Vipimo vya pumzi vya Alcoblow vilitapakaa barabarani kuanzia Desemba 2013, madereva wakajifunza njia za vichochoroni, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazibatilisha kanuni zilizovitumikia. Kati ya miaka hiyo, Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Vifo vile vilikuwa vya watu maskini waliokunywa cha bei rahisi. Wanjiru alikunywa cha bei ghali. Majirani wa pande zote mbili walijua mapema.

Alizikwa Juni 11, 2011 katika shamba lake karibu na Nyahururu. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo mwaka 2021, bila kuukaribia muda wa Beijing. Rekodi ya Wanjiru ilidumu karibu miaka 16, hadi Agosti 10, 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja jijini Paris kwa sekunde sita. Siku hiyo Wanjiru angekuwa na miaka 37.