Matthias Claudius, Mjumbe wa Wandsbek

Tumezoea kusimuliwa habari za watu wa Mungu waliosimama mbele ya wafalme, au waliovuka bahari, au waliofungwa gerezani kwa ajili ya imani yao. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakufanya hata moja katika hayo. Sehemu kubwa ya maisha yake alikaa katika kijiji kimoja kaskazini ya Ujerumani, akalea watoto wengi kwa fedha kidogo, akaandika juu ya mambo ya nyumbani mwake. Hata hivyo wimbo wake wa jioni ungali ukiimbwa na watu wa kwao, naye amekwisha kufa zaidi ya miaka mia mbili.

Matthias Claudius alizaliwa tarehe 15 Agosti 1740 huko Reinfeld, katika nchi ya Holstein. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1759 yeye na nduguye Josias walikwenda chuo kikuu cha Jena. Mwaka uliofuata Josias akashikwa na ndui, akafa. Na Matthias, kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyesema maneno ya kumwaga nduguye. Tangu siku ile kifo kilikuwa kama mtu aliyefahamiana naye. Habari hiyo tutaikuta tena mbele.

Alianza kusoma elimu ya Mungu, akaiacha. Akasoma sheria, wala haikumvuta sana. Akaenda Copenhagen kuwa karani wa bwana mmoja mkubwa, asikae huko hata miaka miwili. Kisha akarudi kwa baba yake, akakaa karibu miaka mitatu bila kazi. Twajua jinsi kijiji kinavyomtazama kijana aliyesomeshwa kwa gharama akarudi mikono mitupu. Mwaka 1768 alipata kazi katika gazeti la wafanya biashara wa Hamburg, lililotoa habari za merikebu na bei za bidhaa. Na katikati ya bei akaanza kuingiza vijineno vyake mwenyewe. Hapo watu wakamgundua.

Basi mwaka 1771 akaitwa kuongoza gazeti jipya katika kijiji cha Wandsbek, karibu na Hamburg. Jina lake lilikuwa Mjumbe wa Wandsbek. Lilitoka mara nne kila juma, nalo lilikuwa na kurasa nne tu. Kurasa za mbele zilijaa habari za nchi na vita na wafalme, kama magazeti yote. Lakini ule wa mwisho uliachwa kwa mambo ya vitabu na mashairi, na huko Claudius alikuwa kama mtu aliye kwake. Hakuandika kama mwalimu asemaye kutoka juu. Alijifanya mjumbe wa kijijini, jina lake Asmus, mwenye fimbo na mkoba, apitaye mlango kwa mlango na kuleta habari. Asmus alikuwa na binamu aliyejua mambo kuliko yeye, na rafiki jina lake Andres, aliyeandikiwa barua. Na msomaji alipozisoma barua zile alijiona kuwa Andres ni yeye mwenyewe. Ndivyo alivyowapata wasomaji wake. Wenye elimu kuu, kama Lessing na Herder na Goethe, nao walipeleka maandishi yao kwa gazeti lile dogo.

Na aliandika nini? Alitunga wimbo mzima wa shangwe kwa sababu jino la kwanza la mtoto limetoka. Alibuni sikukuu za nyumbani ambazo hazimo katika kalenda yo yote: theluji ya kwanza ikianguka (ile nyeupe ambayo wenzetu wa Kilimanjaro huiona juu ya Kibo), watu wa nyumbani huketi pamoja, huoka matofaa, na kutazama. Haikuhitaji fedha, ila kukubali kwamba siku hii ni zawadi. Mwaka 1772 alimwoa Rebekka Behn, binti wa seremala wa pale pale, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Walizaa watoto kumi na wawili. Katika maandishi yake Rebekka hafichwi; wasomaji walimjua kama tunavyomjua mke wa jirani.

Lakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita upesi, sisi tuliozaliwa upande huu wa dunia.

Gazeti halikuwa mali ya Claudius. Aliyelipiga chapa alikuwa Bode, na aliyelifadhili ni bwana wa Wandsbek mwenyewe, Heinrich Carl Schimmelmann, mtunza hazina wa mfalme wa Denmark. Bwana huyu alikuwa miongoni mwa matajiri wakuu wa nchi zile. Utajiri ule ulitoka wapi? Alikuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya Denmark huko West Indies, ng'ambo ya bahari, yaliyolimwa na mamia ya watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika. Tena alikuwa na fungu lake katika biashara ya merikebu zilizowachukua. Sukari iliyokorogwa katika vikombe vya Hamburg ilikuwa jasho lao.

Mwaka 1773, katika gazeti hilo hilo lililofadhiliwa na bwana huyo huyo, Claudius alipiga chapa shairi fupi sana juu ya mtu mweusi katika shamba la miwa. Anayesema ndani yake si mwandishi, wala si mhubiri. Ni mtumwa mwenyewe, naye hana wa kumpelekea shtaka lake isipokuwa Mungu. Ni mistari michache tu, bila hesabu za wafu wala mafundisho juu ya haki. Lakini msomaji aliyekwisha kuzoea kuketi na Asmus na Rebekka na mtoto mwenye jino jipya, sasa aliketishwa ghafula mbele ya mtu mwingine, naye pia ni jirani. Wakati ule wenye elimu wengi wa Ulaya walikuwa wakijadili kama mtu mweusi ana roho na akili kama wao. Claudius hakuingia katika majadiliano. Alimwacha mtu yule aombe, na kwa kuomba kwake shauri likawa limekwisha.

Je, alifanya ya kutosha? Mioyo yetu yasema hapana. Jina la Schimmelmann hakulitaja, na mkate wa nyumba yake aliendelea kuupata kwa kazi ya gazeti lile. Wako watakaosema kwamba mtu aulaye mkate wa mwenye watumwa hana haki ya kuwalilia watumwa. Sisi twaona afadhali mtu aliyelia mezani pale kuliko wale wengi waliokula kimya. Schimmelmann alikufa mwaka 1782. Miaka kumi baadaye, mwaka 1792, serikali ya Denmark ilitoa amri ya kukomesha biashara ya watumwa kwa merikebu zake kuanzia mwaka 1803, na mmoja wa walioisukuma sana amri ile ni Ernst, mwana wa Schimmelmann. Utumwa wenyewe katika visiwa vile ulikoma mwaka 1848. Hatusemi kwamba shairi la gazetini ndilo lililoleta hayo. Twayaweka kando kwa kando tu, kama yalivyofuatana.

Gazeti halikudumu. Mwaka 1775 Claudius alitolewa katika kazi, nalo lenyewe likakoma mwaka huo huo. Ndipo akakusanya maandishi yake katika kitabu, akawaomba watu waagize mapema ili apate gharama za kupiga chapa. Vitabu hivyo vikatoka kimoja baada ya kingine, vyote vinane, hata mwaka 1812. Mbele ya kile cha kwanza hakuliweka jina la mfalme wala la tajiri, kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wa siku zile. Alikitoa kwa Kifo, aliyemwita Rafiki Hein, na picha ya mifupa yenye mundu ikawekwa mlangoni pa kitabu. Wasomaji wengine walichukizwa. Bali mtu aliyemzika nduguye huko Jena hakuwa akifanya mzaha. Alitaka msomaji aingie akijua ni nani aketiye naye nyumbani.

Mwaka 1776 Herder alimpatia kazi ya serikali huko Darmstadt, mbali kusini. Akaugua sana, akaona si kazi yake, na mwaka uliofuata akarudi Wandsbek. Umaskini ukarudi naye. Mwaka 1785 ndipo mrithi wa kiti cha Denmark alipompa posho ya kila mwaka, na mwaka 1788 akamweka kuwa mkaguzi wa hesabu za benki ya Altona, kazi isiyomwondoa kijijini.

Katika miaka ile ya shida, mwaka 1778, alitunga wimbo wa jioni tuliokwisha kuutaja. Ulipigwa chapa mwaka 1779, na mwaka 1790 Johann Abraham Peter Schulz akaupa sauti ambayo Wajerumani huijua tangu utotoni. Mwezi watoka, msitu watulia, ukungu wapanda kutoka mashambani. Ni mambo ambayo kila mtu ameyaona. Wimbo wasonga mbele katika sala, hata mwisho mtu aomba Mungu amlaze salama. Washairi wengi wangaliishia hapo. Claudius aongeza jirani aliye mgonjwa. Hatuambiwi ni nani, wala ana ugonjwa gani. Yuko tu, upande wa pili wa ukuta, na amani ya wimbo mzima haikamiliki mpaka yeye naye amekumbukwa. Sisi tuliokaa katika nyumba ambazo kikohozi cha jirani husikika usiku kucha twaufahamu mstari ule vizuri, labda kuliko wenye nyumba kubwa.

Mwaka huo huo vita vilipokuwa vikitoka kati ya Prussia na Austria, alitunga shairi jingine, la mtu anayeogopa vita kwa sababu hataki damu ya waliouawa iwe juu yake. Hakuuliza ni mfalme gani mwenye haki.

Kilio hakikupita mlango wake. Mwanawe mdogo, aliyeitwa Matthias kama yeye, alikufa mwaka 1788, na binti yake Christiane mwaka 1796, naye alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali. Mwaka 1799 alimwandikia mwanawe Johannes barua ya maonyo, ikapigwa chapa, na wazazi wengi wakaitumia kana kwamba wameiandika wao. Asiyeijua aitafute, ni ya kurasa chache, nayo yamfundisha kijana jinsi ya kumheshimu msichana kwa ajili ya mama yake.

Uzeeni alikuwa mgumu. Mapinduzi ya Ufaransa yalimtia hofu, akayapinga, akaandika pia dhidi ya uhuru wa magazeti, yeye aliyekuwa mtu wa gazeti. Na marafiki wengine wa zamani wakamwona kuwa amerudi nyuma. Hapo hatumtetei. Muda mwingi aliutumia kufasiri maandishi ya Fénelon, askofu wa Kikatoliki wa Ufaransa, kwa kuwa alipenda mafundisho yake juu ya kumpenda Mungu bila kutafuta faida. Na katika siku zile si Walutheri wengi waliovuka kijito hicho.

Mwaka 1813 vita vya Napoleon vilifika hata Wandsbek. Mzee aliyepita miaka sabini akatoka nyumbani pamoja na Rebekka, wakahamahama mji kwa mji. Walirudi mwaka 1814, lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Binti yake Caroline, mke wa Friedrich Perthes mwuza vitabu, akamchukua nyumbani kwake Hamburg ili awe karibu na waganga. Huko alikufa tarehe 21 Januari 1815. Akarudishwa Wandsbek, akazikwa kando ya kanisa. Rebekka aliishi miaka kumi na saba baada yake. Alikufa mwaka 1832, akalazwa ubavuni pake. Kijiji chenyewe kimekwisha kumezwa na mji wa Hamburg, lakini makaburi yale mawili yangalipo.