Paul Jaccard: Mswisi aliyeyapima malisho kwa hesabu

JINA la Paul Jaccard hutajwa zaidi siku hizi na wataalamu wa kompyuta, wanaotumia kipimo chake kulinganisha maandishi. Wachache hukumbuka kwamba kipimo hicho kilizaliwa milimani, miongoni mwa majani na maua.

Jaccard alizaliwa Sainte-Croix, Uswisi, mwaka wa 1868. Alisomea Lausanne na Zürich, na mwaka wa 1903 akawa profesa katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich. Alipolinganisha mimea ya milima ya Alps aliona ajabu: sehemu jirani, zenye hali ya hewa inayokaribiana, zilishirikiana aina chache kuliko alivyotazamia. Mwaka wa 1901 alichapisha njia ya kulipima jambo hilo.

Njia yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano wa viwanja viwili Kitengela, kimoja ndani ya seng'enge na kingine kinacholishwa ng'ombe. Tuseme cha kwanza kina aina 12 za mimea, cha pili 10, na aina 8 zimo kote kuwili. Jumla ni aina 14. Nane kwa kumi na nne ni asilimia 57. Huo ndio mfanano wao.

Kwa Kajiado, hesabu hii si mchezo wa wasomi. Nyanda za Kitengela, wanakopitia nyumbu na punda milia watokao Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, zimekatwakatwa kwa ugawaji wa ardhi, nyumba na nyua. Anayetaka kujua malisho yamebadilika kiasi gani huanza kwa orodha kama hizo.

Hata hivyo kipimo kina upofu wake, na hapa yafaa kutahadhari. Shina moja la Themeda triandra lililosalia pembeni mwa kiwanja huhesabiwa sawa na uwanda uliojaa nyasi hiyo. Asilimia inaweza kuwa ya juu na ng'ombe wakakosa cha kula. Isitoshe, haisemi mimea imekaa wapi. Mfugaji wa Kimaasai huliona hilo kwa jicho, bila kalamu.

Jaccard alifariki Zürich mwezi wa Mei 1944. Miaka minane baadaye, Peter Greig-Smith wa Uingereza alieleza namna ya kuhesabu mimea katika viwanja vidogo vinavyopakana, ili ijulikane iwapo mmea umetawanyika kibahati au umejikusanya kwa mafungu.